Tiketi za Mwalimu Valerian

Kipatimu
9 Juni 2024

Mwanangu Sixbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zangu zikukute wewe, mkwe wangu Happiness na wajukuu mkiwa wazima wote. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigomea asubuhi, likishaota jua linakubali kutembea. Ufuta nimeuvuna, mpunga nao haukuniangusha, na ile barabara iliyokatika Somanga mwezi uliopita nasikia mabasi yanapita tena.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Ninayo, na ina chaji. Lakini kila nikitaja jina la Biasha unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua haina mtandao. Nimemkabidhi konda wa basi la Dar, ataiacha kwenye kibanda cha tiketi hapo Mbagala. Ukitaka kunijibu, jibu kwa njia hiyo hiyo. Simu yako sitapokea.

Jambo lenyewe ni hili: nasafiri. Mwisho wa Julai, kazi za shamba zikishapungua, nitashuka Kilwa Kivinje, kutoka hapo Masoko, nivuke Kisiwani, halafu Lindi, halafu Mikindani. Ni ile miji ambayo baba yako aliichora kwa chaki nyuma ya mlango wa sebule, na kila tulipopaka nyumba rangi akakataza mlango ule usiguswe. Nitakwenda kwa magari ya abiria. Kila mji nitashuka, nilale, niamke, nipande gari jingine. Na sitakwenda peke yangu, nakwenda na Biasha.

Najua hapo umekunja uso. Endelea kusoma.

Baba yako alifundisha historia hapa tangu wewe hujazaliwa. Watoto wote wa milima hii wanaijua Kilwa Kisiwani kwa mdomo wake, ule msikiti mkubwa, ile ikulu juu ya bahari, sarafu za masultani, sahani kutoka China. Na hakuwahi kufika. Dodoma alikwenda, Songea kwenye semina alikwenda, Kilwa iliyo hapo chini yetu hakufika. Kila mwaka alisema mwakani. Nikistaafu, Mama Sixbert, tutapanda basi mimi na wewe, tushuke kila kituo kama vijana. Alipostaafu figo zikaanza.

Kijiji kizima kililijua hilo, na Biasha alilijua kuliko wote, kwa sababu ukoo wake na ukoo wa baba yako ni watani tangu mababu. Ndiyo maana siku ya maziko, mwezi wa kumi, alipofika kaburini amevaa koti la marehemu na kushika fimbo ya kuonyeshea ubaoni, sisi wenyeji tulijua kazi yake imeanza. Wewe hukujua. Alisema, "Wanafunzi, huyu ndiye mwalimu wa Kilwa asiyeijua Kilwa." Kisha akajilaza juu ya ule udongo mbichi, akaziba njia, akasema, "Hashuki mtu humu mpaka anionyeshe tiketi."

Watu walicheka huku wanalia, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe ukamshika mkono, ukamwinua mbele ya umati, ukamtoa nje ya makaburi kama mwizi wa kuku. Hakurudi tena. Padri alisoma misa na namshukuru sana, lakini matanga hayakuanuliwa. Mtani hakufagia majivu ya moto wa msiba na hakunivua kaniki. Mpaka leo ninaivaa, na majivu yapo pale pale uani nimeyafunika kwa karai.

Biasha alidai tiketi. Nakwenda kuzitafuta. Nikirudi nitaziweka kaburini, yeye atafagia, na baba yako atakuwa amezikwa kama watu wa kwao wanavyozikwa. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu.

Mama yako,
Fortunata


Mbagala, Dar es Salaam
18 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi huku tunaendelea vizuri. Happiness anakusalimu, watoto wanakuulizia. Nimefurahi kusikia ufuta umetoka. Barua nimeipata. Konda alinipigia mara tatu niifuate, nikaenda na bodaboda nikidhani ni mzigo wa mihogo.

Mama, naomba unisikilize kwa utulivu. Una presha. Una goti. Barabara ya kutoka hapo mpaka Njia Nne unaijua mwenyewe, na mabasi ya Lindi yakifika Nangurukuru yameshajaa. Utasimama? Mtalala wapi? Mkiugua njiani nani atawajua? Watu wataniuliza mimi ninayefanya kazi ofisi ya bima, ninayewakatia wenzangu bima ya safari, imekuwaje mama yangu anadandia magari stendi hadi stendi na kikapu.

Kama ni kuiona Kilwa, sikatai. Nitakutumia gari na dereva, kijana mtulivu. Atakuchukua mlangoni, akupeleke Masoko kwenye hoteli nzuri, uvuke kisiwani, urudi nyumbani. Lindi na Mikindani tutapanga siku nyingine. Lakini ni kwa sharti moja, uende na shangazi Lusia au mtu mwingine yeyote. Asiwe yule mama.

Utani naujua. Nimeusoma hata shuleni. Lakini kuna mipaka. Mkurugenzi wangu alikuwa amesimama pembeni yangu na tai yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama ni mgonjwa wa akili. Nilimjibu nini? Baba hakuwa mtu wa kuchekwa. Aliwasomesha nusu ya watu waliokuwa pale, na siku ya mwisho wanamcheka kwa jambo ambalo lilimuuma maisha yake yote.

Matanga yaliisha siku ya misa ya arobaini. Ivue hiyo kaniki, mama, nitakuletea vitenge vipya. Nimeongea na baba mdogo Ambrosi, atapita kuzungumza na wewe.

Mwanao,
Sixbert


Kipatimu
1 Julai 2024

Mwanangu Sixbert,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu na kwa hilo wazo la vitenge. Mimi ni mzima na presha nimepima misheni, imetulia kuliko ya Ambrosi.

Ambrosi alikuja. Alikuja na viatu vya Jumapili siku ya Jumanne, nikajua ametumwa. Nilimpa uji akanywa, akaniambia mjane hatembei ovyo, nikamuuliza mjane anayetembea kwa mpango anaitwaje. Akaomba uji mwingine. Alipoondoka alisema tukifika Lindi tumletee dagaa.

Gari lako na dereva wako mtulivu, nashukuru, sitaki. Baba yako hakuniahidi gari la kunichukua mlangoni. Aliniahidi kukata tiketi, kukaa dirishani, kushuka stendi na kuuliza wenyeji njia. Na Biasha alidai tiketi, hakudai stakabadhi ya mafuta. Nikienda kwenye siti ya nyuma ya gari lako kama mgonjwa anayepelekwa rufaa, nitakuwa nimekwenda kwa ahadi yako, na mimi nakwenda kwa ahadi ya mume wangu.

Umeuliza tutalala wapi. Tumeshapanga, na haikuwa rahisi, maana Biasha ni mbishi. Alitaka tuanzie Mikindani ndiyo turudi huku, anasema nyumba hufagiwa kuanzia ndani kuja mlangoni. Nikamwambia mimi nafuata mlango wa mume wangu, chaki yake ilianzia Kivinje. Tulinuniana siku mbili. Mwishowe dini ndiyo iliyotupatanisha. Yeye anataka Ijumaa imkute mji wenye msikiti wa kusali kwa nafasi, mimi Jumapili nataka misa, na ukianzia Kivinje vyote viwili vinaangukia Lindi. Basi tutaondoka Jumatatu. Kivinje tutalala kwa binamu yake. Masoko kuna nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyezaliwa Chumo. Lindi tutafikia Rasbura kwa wifi yangu Lusia, huyo huyo shangazi yako uliyetaka aniongoze, naye ameshatuandalia kitanda. Kwenda Mikindani tutabadilishia gari Mingoyo, na tukifika tutauliza masista. Mabasi makubwa yanayotoka Dar hatuyagusi kwa sababu yanajaa kama ulivyosema. Tutakwenda vipande vipande, kwa magari madogo, Noah na Kosta, tukichoka tunashuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo mkurugenzi wako hakuuliza. Mume wa Biasha alipofariki, wewe ukiwa chuo, baba yako ndiye aliyekwenda kufanya utani. Marehemu alikuwa na sifa ya kusinzia barazani. Baba yako akavaa kofia yake, akajilaza kwenye jamvi katikati ya waombolezaji, akakoroma. Kila aliyekuja kutoa mkono wa pole alijibiwa kwa mkoromo. Biasha hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba utokee. Siku ile alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaomba maji, ndipo akala.

Baba yako alipougua aliniambia, Biasha atanilipa, na atanilipa kwa Kilwa, hana kingine. Alikuwa anausubiri ule utani, Sixbert. Lile koti nilimpa mimi kwa mikono yangu, baba yako aliagiza. Uliyemtoa makaburini alikuwa mgeni wa baba yako.

Kwa hiyo una faini. Nimemuuliza Biasha, amesema hataki pesa yako. Anataka jogoo, aletwe kwa mkono wako siku ya kufagia majivu. Kama hutaki, hatafagia, na mimi nitazikwa na kaniki hii.

Mama yako,
Fortunata


Mbagala
10 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sikujua habari ya koti. Lakini haibadilishi kitu. Mimi ndiye niliyesimama pale kama mtoto wa marehemu, na sitaenda kumpigia magoti mtu aliyenidhalilisha, wala sitabeba kuku kama mchuuzi.

Ukiondoka na yule mama, basi mimi usinihesabu. Siku hiyo ya majivu yenu sitakuwepo.

Mwanao,
Sixbert


Kilwa Kivinje
30 Julai 2024

Mwanangu Sixbert,

Salamu kutoka pwani. Natumaini mnaendelea vizuri nyumbani na mafua ya watoto yamekwisha. Mimi na Biasha tumefika jana salama, goti halijasema kitu.

Barua yako ya mwisho niliipata na sikuijibu, kwa sababu nilikuwa nafunga mizigo. Ninajibu sasa. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua kutoka shambani mpaka hospitali ya misheni, mvua inanyesha, na hukuwa umenipa ruhusa. Kukuhesabu hakukuanza kwa idhini yako na hakutakoma kwa amri yako. Nakuhesabu.

Sasa sikia safari. Noah ya kutoka Kipatimu haitoi tiketi. Dereva anaitwa Nassibu, alisomeshwa na baba yako darasa la tano. Biasha akamwambia hatupandi bila tiketi. Nassibu akasema bibi hapa hakuna mambo hayo, tangu gari hili lianze. Biasha akakaa chini mbele ya gurudumu, na kikapu chake, na birika lake la kutawadhia. Abiria wengine wakaanza kulalamika, halafu wakauliza kisa, nasi tukawaambia. Nassibu alipojua tiketi ni ya mwalimu wake, alichana kipande cha boksi la sabuni akaandika kwa kalamu: Kipatimu kwenda Njia Nne, bibi wawili na Mwalimu. Akagonga na muhuri wa kidole gumba kwa oili ya gari. Kutoka Njia Nne mpaka Nangurukuru tulipewa tiketi ya kweli, ya kuchapwa, lakini hiyo ya boksi ndiyo ninayoipenda.

Leo asubuhi tumekwenda kwenye mnara wa mashujaa wa Majimaji. Upo kimya tu, watu wanapita na samaki zao na baiskeli. Baba yako alipofika somo hili darasani alikuwa anafunga kitabu, anafundisha kwa kichwa, kwa sababu walionyongwa hapa wengine walikuwa watu wa milima yetu. Nilisimama pale na kaniki yangu nikafikiri, wazee wetu waliteremshwa njia hii hii wakiwa na kamba shingoni. Mimi nimeteremka na tiketi mkononi, nimekula mhogo wa kukaanga njiani, na hakuna aliyenileta. Usiniambie tena habari ya kudandia magari.

Binamu yake Biasha ametupikia samaki wa nazi. Biasha anakusalimu. Ananiambia nikuandikie kwamba yule kuku anaendelea kukua, na kosa nalo vilevile.

Kesho tunavuka Kisiwani. Ukiwa na la kusema, peleka Rasbura kwa shangazi yako, tutakuwa hapo mpaka Jumapili.

Mama yako,
Fortunata


Kilwa Kisiwani
31 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo? Leo salamu ni fupi kwa sababu karatasi ni ya kuomba na mwenye boti ametupa muda mdogo. Mimi sijambo, ila nimelia, nakuambia mapema usije ukasikia kwa wengine.

Kibali tulikata Masoko ofisini, wakatupa karatasi yenye muhuri. Biasha ameiweka pamoja na lile boksi. Tulivuka kwa boti ya mashine, yeye akifumba macho na kusoma dua, mimi nikiwa nimeshika birika lake.

Nimeingia msikiti mkubwa. Upo kama alivyosema. Mwanga unaingia kama alivyosema, kuba zipo pale alipozichora, na ukisimama katikati ukasema neno linakurudia. Kitu kimoja tu alikosea. Miaka yote alichora nguzo za mviringo. Si za mviringo, zina pembe nane, nimezipapasa kwa kiganja moja baada ya nyingine. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, nguzo zina pembe nane." Biasha alikuwa nyuma yangu. Akajibu kwa sauti ya baba yako, ile ya puani, ile aliyokuwa akiitumia mwanafunzi akimkosoa: "Bi Fortunata, kaa chini, hilo ni la kidato cha pili."

Nilicheka, Sixbert. Nilicheka peke yangu kwenye magofu kama mwehu, na kicheko kikageuka nikajikuta nimekaa sakafuni nalia kwa nguvu. Biasha hakunibembeleza. Alikaa pembeni, akasubiri, halafu akanipa maji ya birika ninawe uso.

Baada ya hapo nilikasirika. Ilikuwa karibu hivi. Miaka yote tuliyosema mwakani, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya ada zako, kwa sababu ya mitihani ya darasa la saba, kwa sababu watu watasema nini mwalimu anatembea na mkewe stendi. Kumbe ilikuwa Noah, gari jingine dogo na boti. Nimemkasirikia baba yako na nimemwambia. Sasa sitaki mtu mwingine aniambie subiri.

Mwenye boti anaita. Barua hii nitampa konda wa Masoko.

Mama yako,
Fortunata


Mbagala
3 Agosti 2024
(Kwa shangazi Lusia, Rasbura)

Mama,

Shikamoo. Shikamoo kwa shangazi pia. Natumaini mmefika Lindi salama na mmepumzika. Sisi wazima.

Barua zako mbili nimezipata. Happiness amezisoma kwa sauti mezani, sikumtuma. Ile ya tiketi ya boksi amewasomea watoto mara ya pili.

Sijabadilisha msimamo wangu. Bado naona pale makaburini haikuwa sahihi, na nitaendelea kuona hivyo. Nauliza kitu kimoja tu, na naomba usikitafsiri vingine.

Jogoo awe mweupe, au rangi yoyote?

Mwanao,
Sixbert


Mikindani
6 Agosti 2024

Mwanangu Sixbert,

Marahaba, na Lusia anasema marahaba. Tumshukuru Mungu sote ni wazima. Barua yako ilinikuta Rasbura tukitoka misa. Nilimsomea Biasha. Alitoa majibu yafuatayo, nami nakuandikia kama alivyosema.

Rangi ni juu yako. Lakini awe na sauti. Jogoo bubu hamtaki, anasema bubu mmoja anatosha, yule aliyekaa Mbagala miezi kumi bila kuomba radhi. Aje kwa gari la abiria, si kwenye buti la gari lako, na wewe ukiwa umemshika. Na ukiulizwa njiani unampeleka wapi jogoo, useme ukweli. Hilo la mwisho ndilo faini yenyewe, jogoo ni kitoweo.

Mikindani ni mji wa kukaa. Nyumba za mawe za zamani, nyingine zimeanguka nusu na nusu nyingine watu wanaishi na kuanika nguo dirishani. Masista wametupokea, wametupa chumba kimoja, Biasha ameuliza kibla kiko wapi na sista mzee wa Kimakonde akamwonyesha bila kufikiri. Jana tulizunguka mpaka jioni. Nilitaka kuona nukta ya mwisho ya mlango wa baba yako, na nimeiona, na unajua nilichohisi? Nilihisi njaa ya kuona nyingine. Nimesikia habari za Mafia. Nimesikia habari za Bagamoyo. Goti limeshazoea.

Tiketi tunazo zote. Noah, Kosta, kibali cha kisiwani, bajaji ya Lindi ambayo dereva wake aliandika nyuma ya kadi ya mkesha wa ndoa yake mwenyewe. Kila mmoja tulimwambia ni za nani, na hakuna aliyekataa kuandika.

Majivu tutayafagia Jumamosi, tarehe ishirini na nne, asubuhi. Ukija, njoo na chaki. Iliyokuwa nyumbani imekwisha, na mlango bado una nafasi.

Usipokuja, sitakuandikia tena kukubembeleza. Nitakuhesabu tu.

Mama yako,
Fortunata


Njia Nne
23 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti pia. Nimempa Nassibu aitangulize, gari lake limejaa mpaka kwenye buti na amekataa kunipakia na jogoo. Amesema nitapanda ya alfajiri. Nimekaa kwenye benchi la mama muuza chapati. Msinisubiri na chakula, ila majivu mnisubiri. Mwambie Biasha asishike ufagio kabla sijafika.

Basi la moja kwa moja la Kipatimu lilikuwa limejaa, nikapanda la Lindi. Jogoo ni mwekundu. Sauti anayo. Alianza kuwika Mbagala kabla basi halijawasha injini na hakunyamaza mpaka Ikwiriri. Abiria walinitukana. Konda alitaka kumweka chini kwenye mizigo, nikakataa, nikamwambia jogoo huyu lazima nimshike mwenyewe. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Kijana, unampeleka wapi huyu?"

Nilitaka kusema harusini. Nilifungua mdomo kabisa niseme harusini. Halafu nikasema ukweli. Nikasema ni faini ya mtani, nilimtoa makaburini siku ya kumzika baba yangu. Mzee akauliza alifanya nini. Nikaeleza habari ya koti, ya fimbo, ya mwalimu wa Kilwa asiyeijua Kilwa. Watu wa mbele wakageuka. Nilipofika pale alipojilaza akidai tiketi, basi zima lilicheka, mama. Yule konda aliyenigombeza alicheka mpaka akashika bomba. Walikuwa wanamcheka baba, na nilisikia wanampenda, watu ambao hawakuwahi hata kumwona.

Na mimi nilicheka. Nilicheka, halafu nikalia, mchana kweupe, mbele ya watu, nimemshika jogoo kifuani. Hakuna aliyenishika mkono kunitoa nje. Yule mzee alinisogezea dirisha nipate hewa.

Chaki nimeleta, boksi zima. Tiketi ya basi ninayo mfukoni. Ya Noah ya kesho nimeshamwambia Nassibu, asiponiandikia nakaa mbele ya gurudumu.

Mwanao,
Sixbert